Kufundisha Matumizi na Utunzaji wa Jiko la Umeme la Kubanikia

Utangulizi

Mwanachuo anapopewa mada ya vyombo vya umeme vya jikoni wakati wa mazoezi ya kufundisha, aghalabu hufanya jambo moja. Huandika ubaoni orodha ya mambo kumi ya kufanya na ya kutofanya, wanafunzi huinakili katika madaftari yao, kengele hulia, na somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Siku ya pili ukiwauliza wanafunzi, watakujibu kwa sauti moja: "Jiko la umeme lisizamishwe majini." Ukiwauliza kwa nini, darasa zima litanyamaza. Ukiwauliza tena kama yafaa kulipangusa kwa kitambaa kinachochuruzika maji, nusu yao watasema yafaa, maana kitambaa si beseni.

Makala haya yanaeleza namna nyingine ya kuifundisha mada hiyo, yaani kwa kuanza na sababu na kumalizia na sharti. Chombo kilichochaguliwa kuwa mfano ni jiko la umeme la kubanikia, ambalo mijini wengi huliita grili. Limechaguliwa kwa kuwa lina mambo matatu ya hatari kwa pamoja: umeme mwingi, joto kali na mafuta ya moto. Mwanafunzi aliyelielewa vema jiko hili hatapata taabu kuielewa pasi wala birika la umeme.

Kwa nini mada hii ifundishwe

Wanachuo wengine huuliza: kuna maana gani kumfundisha mtoto wa kijijini habari za chombo ambacho hajapata kukiona? Swali hili ni la haki, na lina majibu matatu.

Jibu la kwanza ni afya. Watoto wetu wengi hukulia katika majiko ya kuni na mkaa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na moshi wa kupikia, ilisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani. Tena jiko la mkaa likiingizwa chumbani na madirisha yakafungwa, mkaa unaokosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huizuia damu kubeba oksijeni. Mtu hulala asiamke. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi katika matumizi ya nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Mkakati huo unahitaji watu wanaojua kutumia vyombo vipya bila kudhurika, na mahali pa kuwaandaa ni darasani.

Jibu la pili ni kwamba nguzo za umeme zimekwisha kufika katika vijiji vingi ambavyo miaka ishirini iliyopita havikuwa nazo. Chombo ambacho mtoto hajakiona akiwa darasa la sita huenda akakikuta nyumbani kabla hajamaliza shule.

Jibu la tatu ndilo zito zaidi. Baadhi ya vijana wanaomaliza shule huenda mjini kuishi kwa ndugu au kufanya kazi katika nyumba za watu. Kijana huyo hukabidhiwa jikoni siku ya kwanza, na humo mna birika la umeme, pasi, na pengine jiko la kubanikia. Mara nyingi hakuna atakayeketi kumweleza. Akikiharibu chombo, hukatwa mshahara wake mdogo. Akinaswa na umeme, hulipa kwa mwili wake. Huenda somo lako la dakika 80 likawa ndilo maelezo pekee atakayokuwa nayo siku hiyo.

Mambo ambayo mwalimu mwenyewe hana budi kuyajua

Jiko la umeme la kubanikia lina bamba la chuma lenye mifereji. Yapo majiko ya bamba moja, yanayofanana na wavu wa kuchomea mishikaki, na yapo ya mabamba mawili yanayofunga na kufunguka kama kitabu. Haya ya mabamba mawili hukiivisha chakula juu na chini kwa wakati mmoja, kwa hiyo huchukua muda mfupi zaidi. Katika mengi kati ya hayo bamba la chini huinama kidogo ili mafuta yatiririke na kuingia katika trei. Aina hiyo ilipata umaarufu mkubwa tangu mwaka 1994, ilipoanza kuuzwa Marekani kwa jina la bondia George Foreman, yule aliyepigwa na Muhammad Ali mjini Kinshasa mwezi wa Oktoba 1974. Wanafunzi wapendao ngumi hawatalisahau jambo hilo, nawe waweza kulitumia kuwavuta katika somo.

Ndani au chini ya bamba umefichwa uzi wa kupasha joto. Uzi huo aghalabu hutengenezwa kwa nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu ambao Albert Marsh wa Marekani alipewa hataza yake mwaka 1906. Waya wa shaba huuruhusu umeme kupita kwa urahisi, kwa hiyo haupati joto jingi. Nikromu huukinza umeme, na katika kuukinza huko hupata moto mkali. Wala haiharibiki upesi kwa kugusana na hewa inapokuwa nyekundu. Kadhalika jiko huwa na kidhibiti joto, ambacho huukata umeme bamba linapofikia joto lililowekwa na kuurudisha linapopoa. Ndiyo maana taa ndogo ya jiko huwaka na kuzimika wakati wa kupika. Mtu asiyejua hudhani jiko limeharibika.

Kutokana na maelezo hayo zipatikana kweli nne, na kila sharti la matumizi na utunzaji huzaliwa na mojawapo ya kweli hizo:

1. Umeme hugeuka joto mahali unapokinzwa.
2. Umeme hutafuta njia ya kufika ardhini, na mwili wa mtu, hasa ukiwa na majimaji, ni njia mojawapo.
3. Chuma kilichopata moto hubaki na moto hata baada ya umeme kukatwa.
4. Uso wa bamba umepakwa utando mwembamba usionata, ambao ukikwaruzwa haurudi.

Mwanachuo na azikariri kweli hizi nne kabla ya kuingia darasani. Zikimkaa, hatahitaji kubeba orodha ya masharti.

Zana za kufundishia

Kama shule ina umeme na jiko lenyewe laweza kuazimwa, vema. Katika shule nyingi hakuna kimoja wala kingine, na jambo hilo lisiwe kisingizio cha kufundisha kwa maneno matupu. Zana zifuatazo zapatikana karibu kila mahali:

(a) Pasi ya mkaa, na pasi ya umeme hata ikiwa mbovu. Hiki ndicho kitu kinachojulikana, ambacho kitawapeleka wanafunzi kwenye kisichojulikana.

(b) Plagi ya miguu mitatu iliyochakaa, iliyofunguliwa ili wanafunzi waone nyaya tatu na fyuzi. Katika nyaya za siku hizi, wa kahawia huleta umeme, wa buluu huurudisha, na wenye rangi ya kijani na manjano huenda ardhini. Waeleze kwamba waya huo wa tatu haupiki chakula. Kazi yake ni kumlinda mpishi endapo umeme utavuja na kuingia katika chuma cha jiko.

(c) Mfano wa jiko uliotengenezwa kwa vibao viwili vilivyounganishwa kwa kipande cha ndala kuukuu badala ya bawaba. Mifereji yaweza kuchongwa kwa kisu. Waya uwe wa kamba, na plagi iwe ya mti.

(d) Kipande cha chuma bapa na moto wa mkaa, kwa jaribio litakaloelezwa hapa chini.

(e) Risiti ya umeme wa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, kwa ajili ya hesabu. Futa kwanza namba za mita na za malipo.

Mfano uliotengenezwa na wanafunzi usiunganishwe na umeme kamwe, wala wanafunzi wasihimizwe kutengeneza jiko linalofanya kazi. Waambie hivyo wazi, na uwape sababu kwa kutumia kweli ya pili.

Hatua za somo

Andalio lifuatalo ni la vipindi viwili vya dakika 40 vinavyofuatana, kwa darasa la sita. Shabaha yake ni hii: mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze kuonyesha kwa mfano wa jiko namna ya kuliwasha, kulitumia, kulizima na kulisafisha, na aweze kutoa sababu ya kila tendo.

Utangulizi (dakika 10). Weka mezani pasi ya mkaa na pasi ya umeme. Uliza: joto la hii latoka wapi? Na la ile? Waambie wanafunzi wasugue viganja vyao kwa nguvu, kisha wayaguse mashavu yao. Viganja vimepata joto kwa sababu vilikinzana. Eleza kwamba umeme nao, unapopita katika uzi unaoukinza, huzaa joto. Kweli ya kwanza imekwisha kufundishwa, na hujaandika neno ubaoni.

Maarifa mapya (dakika 30). Kwanza onyesha sehemu za jiko kwa mfano wa vibao: mabamba, kishikio, taa, kidhibiti joto, trei ya mafuta, waya na plagi. Kisha fanya jaribio la chuma. Kipashe moto kipande cha chuma, kiondoe motoni kwa koleo, kiweke juu ya tofali, halafu dondoshea tone moja la maji kwa kijiko chenye mpini mrefu. Wanafunzi wasimame mbali. Tone litachemka na kulia. Ngoja dakika mbili, dondoshea tena. Bado litalia, ingawa chuma hakina moto chini yake wala hakionyeshi wekundu. Hiyo ni kweli ya tatu, na mtoto aliyeisikia kwa masikio yake hataugusa upesi uso wa jiko eti kwa sababu taa imezimika.

Baada ya hapo eleza matumizi na utunzaji, kila sharti likitanguliwa na swali la kwa nini. Mambo yenyewe yamepangwa katika sehemu mbili zinazofuata.

Kuimarisha maarifa (dakika 20). Gawa darasa katika vikundi. Kila kikundi kitumie mfano wa jiko kuigiza mapishi tangu mwanzo hadi mwisho, huku mwanafunzi mmoja akiwa msimamizi wa kuuliza "kwa nini?" kila mwenzake anapofanya tendo.

Tathmini (dakika 15) na hitimisho (dakika 5). Haya yataelezwa mwishoni mwa makala.

Matumizi ya jiko na sababu zake

Mahali. Jiko liwekwe juu ya meza imara, kavu, isiyofunikwa kwa plastiki wala kitambaa, mbali na pazia na mbali na karo la maji. Waya usining'inie ukingoni, maana mtoto mdogo huuvuta na jiko lote likamwangukia na mafuta yake. Dirisha liwe wazi. Ni kweli jiko la umeme halina moshi wa mkaa, lakini mafuta yakiungua hutoa moshi wake.

Plagi. Iingie katika soketi ya ukutani kwa kukaza. Plagi iliyolegea hugusana na soketi kwa sehemu ndogo tu. Umeme hukinzwa hapo, na joto huzaliwa mahali lisipotakiwa. Hii ni kweli ya kwanza ikifanya kazi vibaya. Plagi ikiwa ya moto, ikibadilika rangi au ikitoa harufu ya plastiki, jiko lizimwe na fundi aitwe. Yako majumba ambamo watu huchokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie, au huchomeka nyaya tupu na kuzikaza kwa njiti za kiberiti. Wanafunzi wameyaona hayo, na usiyapite kimya. Tundu la juu ni la waya wa ardhini, na mguu mrefu wa plagi ndio unaofungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Aliyechokoa kwa kalamu ameuondoa ulinzi wote kwa mkono wake mwenyewe.

Kuwasha. Mikono iwe mikavu. Jiko lipashwe moto kabla ya chakula kuwekwa, mpaka taa ionyeshe kuwa liko tayari, kama maelezo ya jiko hilo yanavyosema. Nyama ikiwekwa juu ya bamba la baridi hutoa maji na kuchemka badala ya kubanikwa.

Chakula. Vipande vikatwe kwa unene ulio sawa, ili kimoja kisiungue wakati kingine ni kibichi. Katika jiko la mabamba mawili, nyama yenye mfupa mkubwa hulizuia bamba la juu lisigusane na sehemu iliyobaki. Nyama iliyolowa ipanguswe majimaji, kwani maji yakikutana na mafuta ya moto huruka na kuunguza. Nyama ya kuku haina budi kuiva hadi ndani kabisa, yaani kufikia nyuzi 74 za Selsiasi. Asiye na kipimajoto aikate sehemu nene na kutazama: isiwe na rangi ya damu, na maji yake yawe meupe. Kisu na ubao vilivyotumika kwa nyama mbichi visitumike kwa kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Si nyama peke yake ibanikwayo. Samaki, ndizi, mahindi machanga na vipande vya muhogo uliokwisha kuchemshwa vyafaa pia.

Kugeuza. Tumia mwiko au koleo la mti. Uma na kisu cha chuma hukwaruza utando, nayo ni kweli ya nne. Utando huo haupendi pia joto la kupita kiasi: ule wa aina ya tefloni huanza kuharibika unapozidi nyuzi 260 hivi, kwa hiyo jiko lisiachwe likiwaka tupu kwa muda mrefu.

Umeme ukikatika. Hili mwalimu alitilie mkazo, maana ni jambo la kila siku kwetu. Umeme ukikatika katikati ya mapishi, jiko huonekana limezimika, na mpishi huondoka. Umeme ukirudi, jiko huwaka peke yake ndani ya nyumba isiyo na mtu. Kwa hiyo sharti ni kuzima swichi na kuchomoa plagi papo hapo, kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Utunzaji wa jiko

Wafundishe wanafunzi mfuatano wa maneno manne: zima, chomoa, ngoja, pangusa. Mfuatano huo ukivurugwa, hatari hurudi. Anayepangusa kabla ya kuchomoa amesahau kweli ya pili. Anayepangusa kabla ya kungoja amesahau ya tatu.

Plagi ichomolewe kwa kushika plagi yenyewe, wala si kwa kuvuta waya, kwa kuwa nyuzi za ndani hukatika moja moja bila kuonekana. Bamba lisimwagiwe maji ya baridi likiwa la moto. Mvuke humwunguza mtu, nalo bamba laweza kupinda. Linapobaki na uvuguvugu, mafuta hutoka kwa urahisi. Lipanguswe kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji ya sabuni na kukamuliwa, kisha kwa kitambaa kikavu.

Hapa pana mazoea ya nyumbani ambayo hayana budi kusahihishwa kwa heshima. Mama zetu husugua sufuria kwa mchanga, majivu au steelwaya, na sufuria hung'aa. Kwa sufuria hizo ni kazi nzuri. Kwa bamba lenye utando ni uharibifu. Usiseme kwamba mama amekosea. Sema kwamba chombo hiki kina ngozi, na sufuria haina.

Mabamba yanayobandukana na trei ya mafuta yaweza kuoshwa majini na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa, ikiwa maelezo ya jiko yanaruhusu. Mwili wa jiko, waya na plagi visiguswe na maji kamwe. Mafuta ya trei yasimwagwe ndani ya karo, kwa kuwa huganda na kuziba bomba. Yaachwe yapoe, kisha yatupwe pamoja na taka.

Jiko lihifadhiwe mahali pakavu, waya ukiwa umekunjwa kwa ulegevu baada ya jiko kupoa. Lisiachwe na mabaki ya mafuta, maana mende huyafuata na kuingia ndani. Waya uliochubuka usifungwe kwa gundi ya karatasi wala kwa kitambaa. Jiko hilo litengwe mpaka fundi alitengeneze.

Kuunganisha mada na hisabati

Mada hii yafaa kuunganishwa na hisabati, na mwalimu anayefanya hivyo huokoa muda wa kipindi kingine. Nyuma au chini ya kila jiko imeandikwa nguvu yake kwa wati. Tuchukue jiko la wati 1,500 na umeme wa nyumbani wa volti 230.

Mkondo hupatikana kwa kugawa wati kwa volti: 1,500 ÷ 230 = ampea 6.5 hivi. Birika la umeme la wati 2,000 huchukua ampea 8.7 hivi. Vikiwashwa pamoja katika waya mmoja wa kuunganishia wenye fyuzi ya ampea 13, jumla huwa ampea 15.2, nayo imezidi kiasi. Fyuzi ikiwa nzima itakatika, si lazima papo hapo. Kabla ya hapo waya hupata joto. Kama mtu ameitoa fyuzi na kuweka kipande cha waya mahali pake, kitakachoungua ni nyumba. Mwingereza James Joule alionyesha mwaka 1841 kwamba joto la waya huongezeka kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Tena waya huo usipokunjuliwa ukabaki umeviringwa, joto lake hukosa pa kutokea.

Gharama hukadiriwa kwa uniti. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Jiko letu likiwaka mfululizo dakika 20 hutumia 1,500 × 20 ÷ 60 = wati 500 kwa saa, yaani nusu uniti. Wanafunzi waizidishe nusu hiyo kwa bei ya uniti iliyomo katika risiti. Kisha waulize: nusu uniti yaweza kuwasha taa ya wati 10 kwa muda gani? Jibu ni saa 50. Ulinganifu huo huwafahamisha wanafunzi, kuliko maelezo marefu, kwa nini vyombo vya kupasha joto ndivyo vinavyomaliza umeme wa nyumba.

Ajali zikitokea

Hapa mwalimu atoe maagizo machache na yakaririwe, kwa kuwa wakati wa ajali hakuna nafasi ya kufikiri.

Mtu akinaswa na umeme, asiguswe. Kwanza umeme ukatwe kwenye swichi kuu. Isipowezekana, msaidizi asimame juu ya kitu kikavu na kumtenganisha kwa mti mkavu, kisha apelekwe kwa mganga hata kama aonekana mzima.

Mafuta yakishika moto, yasimwagiwe maji. Umeme ukatwe, moto ufunikwe kwa mfuniko au kwa blanketi zito kavu, na watu watoke nje ukishindikana.

Mtu akiungua, sehemu iliyoungua ipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, samli, yai wala asali. Jeraha likiwa kubwa, au likiwa la uso au mikono, apelekwe zahanati.

Tathmini na hitimisho

Swali la tathmini lisiwe la kukumbusha orodha. Liwe tukio, na mwanafunzi atoe uamuzi pamoja na sababu. Mifano ni hii:

1. Asha anabanika samaki. Umeme unakatika, na mama anamtuma dukani. Afanye nini kwanza, na kwa nini?
2. Juma amezima jiko na kuchomoa plagi. Taa imezimika. Anataka kulisafisha papo hapo. Utamwambia nini?
3. Rehema anaona taa ya jiko ikiwaka na kuzimika wakati anapika. Je, jiko limeharibika?
4. Baba amenunua jiko lenye plagi ya miguu miwili, nayo haiingii katika soketi. Yafaa afanye nini?

Mpe alama ya nusu mwanafunzi aliyetoa uamuzi sahihi bila sababu. Wanachuo wengine huona hilo kuwa ukali. Lakini fikiri kwamba mwanafunzi huyo atakutana na jiko lisilofanana na lile la darasani, lenye vitufe vingine na maelezo ya lugha asiyoijua. Uamuzi aliokariri hautamfaa hapo, ila sababu itamfaa.

Katika hitimisho, rudieni pamoja kweli nne na mfuatano wa maneno manne. Waagize wanafunzi watazame nyumbani au kwa jirani chombo kimoja kinachopata joto, cha umeme au cha mkaa, na waje na sharti moja la matumizi yake pamoja na sababu yake. Mtoto ambaye kwao hakuna umeme ataleta habari za jiko la mkaa, na kazi yake ipokewe kwa uzito uleule.

Kazi ya mwanachuo

Chukua mada nyingine ya vyombo vya nyumbani, kama vile jiko la gesi au pasi ya umeme. Andika kwanza kweli zake tatu au nne. Kisha andika masharti ya matumizi, na mbele ya kila sharti uweke namba ya kweli iliyolizaa. Sharti litakalokosa namba ama halina haja ya kufundishwa, ama wewe mwenyewe hujalielewa bado. Tafuta ni lipi kati ya hayo mawili kabla ya kuingia darasani.